Idhini ya Tatu Iko Mlimani

Jumapili, 1 Juni

Ng'ombe wangu Bi Harusi katoa lita sita asubuhi. Jana saba. Baridi, na majani yamelowa. Nilimkamua huku nikijua nitachelewa ibada, na kweli nikachelewa.

Baada ya ibada kikao cha kikundi, kama kawaida, kwenye darasa la watoto nyuma ya kanisa. Ila leo sanduku limefunguliwa kwa mara ya mwisho. Kufuli tatu, funguo tatu, watu watatu. Mimi nimeshika ufunguo wa kati miaka tisa. Sijawahi kuusahau nyumbani, hata wiki niliyomzika mume wangu, Baba Eli.

Sasa hela zinahamia kwenye simu. Neema, katibu wetu, ameeleza kwa mara ya tano. Hela inakaa kwenye akaunti ya kikundi. Mwanachama akikopa, waidhinishaji watatu wanabonyeza namba zao za siri, kila mmoja kwenye simu yake, na hela inamfikia hapo hapo. Halafu kuna benki nyuma yake, inaweza kutuongezea ya kwake kwa kuangalia tulivyoweka na tulivyorejesha. Nimepinga. Tumepinga wanne. Tumeshindwa.

Waidhinishaji ni mimi, Neema na Aminieli. Aminieli kwa sababu hanywi, ana simu nzuri, na ni kiongozi wa wageni mlimani, kwa hiyo watu wanaona anajua mambo. Hapo mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nilisema mbele ya wote kwamba huyu nilimfundisha darasa la nne, na hesabu za kugawanya zilimshinda mpaka akalia. Watu wakacheka. Yeye alikuwa anaangalia kofia yake.

Nilifurahi mpaka nilipofika kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Nikasimama kuosha miguu, furaha ikaisha. Mtu mzima ana miaka arobaini na kitu, ana watoto.

Sanduku tupu nimepewa mimi, na funguo zote tatu. Hakuna aliyelitaka. Liko uvunguni.

Jumanne, 3 Juni

Neema kaja kunifundisha kubonyeza. Niliandika namba ya siri kwenye kiganja ili nisisahau, akanifokea. Mimi ndiye niliyemfundisha huyu mtoto kushika kalamu.

Mama Upendo kaomba ada ya mtoto saa nne. Saa nne na robo alikuwa nayo. Enzi za sanduku angesubiri Jumapili, na mtoto angekuwa amesharudishwa nyumbani. Sisemi kwamba nimekubali.

Aminieli kapita njiani jioni. Hajaniamkia. Mtu aliyeniambia shikamoo mwalimu tangu ana miaka saba, leo kapita kama anapita mti.

Ijumaa, 6 Juni

Eli hajaja. Kila Ijumaa mwanangu huniletea majani ya mpunga ya ng'ombe kutoka Mabogini, na mayai kutoka bandani kwake. Leo majani yameletwa na mwenye toroli nisiyemjua. Mayai hakuna. Simu ya Eli inaita bila kupokelewa.

Lita sita na nusu.

Jumapili, 8 Juni

Nitaandika taratibu, jambo moja moja.

Mtendaji wa kijiji alitangaza kanisani kwamba kila mwenye hati ya kimila apeleke nakala ofisini. Nikarudi, nikashusha begi la marehemu juu ya kabati. Hati ya kihamba, shamba letu la ukoo, haimo. Nikatoa kila kitu: vyeti, picha, miwani yake. Haimo.

Eli alikuja saa tisa, baada ya kumpigia simu mara kumi na moja. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni, akaangalia chini kama alivyokuwa akifanya akivunja kikombe. Kuku wake wote, hata vifaranga, walikufa kwa mdondo, mwezi wa pili. Hakuniambia; mayai ya Ijumaa alikuwa akiyanunua sokoni. Akakopa hela za kuanza upya kwa mama mmoja Njoro, ile mikopo ya kausha damu, riba kila wiki. Alikopa milioni moja na nusu. Sasa ni milioni mbili na laki sita. Dhamana ni hati yetu. Na kuna karatasi amesaini kwamba akishindwa, sehemu ya chini ya kihamba inakwenda kwa huyo mama. Mwisho ni Jumamosi hii, saa sita mchana.

Sehemu ya chini ndipo alipolala Baba Eli. Na baba yake. Na bibi aliyenipokea siku ya harusi.

Najua karatasi ya namna hiyo haina nguvu mbele ya baraza la ardhi. Hati ina jina langu. Lakini nina miaka sitini na mmoja, na nimeona kesi za ardhi hapa. Mtu anaingia barazani na nywele nyeusi, anatoka nazo nyeupe.

Nilimpiga kofi. Mara ya kwanza tangu awe na ndevu. Halafu nikampa chai. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi nililea watoto wa kijiji kizima nikamsahau wangu. Nina hasira.

Jumatatu, 9 Juni

Nilikuwa njia panda alfajiri nikienda mjini. Aminieli naye yupo, na begi kubwa na fimbo zake, anasubiri gari la kampuni. Tulisimama kila mmoja hatua kumi kutoka kwa mwenzake. Hakuniamkia, nami sikufungua mdomo. Gari likaja, akaondoka.

Njoro. Ofisi ya yule mama iko ubavuni mwa saluni yake. Nilitegemea kukuta mtu mkali. Ni mama mpole, mnene kidogo, ana sauti ya kwaya. Alinipa soda. Aliniambia, "Mama yangu, mimi sina ugomvi na wewe, mimi nafuata karatasi." Jumamosi saa sita, si saa sita na dakika moja. Akaongeza kwamba kuna mtu anatafuta kiwanja cha kujenga hoteli, na kutoka pale kwetu mlima unaonekana wote. Kumbe. Hoteli juu ya mume wangu.

Soda sikuimaliza.

Nikaenda benki mjini. Kijana mwenye tai akaniuliza dhamana. Nikamwambia nataka hela ili niikomboe dhamana. Akatabasamu, akanipa fomu. Wiki sita, labda nane.

Nilipanda kurudi nimekata tamaa. Neema alinikuta nimekaa kwenye ukuta wa kanisa, nikamwambia yote. Sikuwa nimepanga. Akatoa simu. Kumbe wakati wa kuhamisha alikaa mwezi mzima anaingiza daftari zangu zote za miaka tisa, kila Jumapili, kila aliyeweka na aliyerudisha. Mtambo umezisoma. Akanionyesha kiwango ninachoweza kukopeshwa, hela ya kikundi pamoja na nyongeza ya benki. Ni zaidi ya milioni tatu.

Nilimwambia asome tena. Akasoma tena.

Sanduku letu halijawahi kumpa mtu mmoja hata nusu ya hiyo. Na kilichonipa sifa ni mwandiko wangu mwenyewe, ule ambao watu waliuita wa kisirani.

Jioni wanachama waliitwa haraka. Wamekubali wote, hata Mama Upendo ambaye nilimtoza faini ya kuchelewa mara ngapi sijui. Neema akaweka ombi. Akabonyeza yeye. Nikabonyeza mimi. Ukaja ujumbe: idhini mbili kati ya tatu, inasubiri moja.

Tukampigia Aminieli. Simu imezimwa.

Wote tukageuka kutazama juu. Tumemchagua mtu anayeshinda mlimani siku saba kwa safari, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba kuna mlima. Tunauona kila siku mpaka tumeusahau.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa mke wa Aminieli, Mama Glori. Kanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Mumewe huzima simu getini Machame ili baridi isimalize chaji. Huiwasha mara moja tu, kileleni, awapige wageni picha na ampigie yeye kusema wamefika. Leo yuko Shira. Kileleni ni Jumamosi alfajiri, Mungu akipenda. Mara nyingine mgeni anaumwa na wanashuka kabla.

Neema kapiga simu huduma kwa wateja kuuliza kama tunaweza kumweka mtu mwingine. Binti akajibu kwa adabu nyingi: kubadilisha mwidhinishaji kunahitaji idhini ya waidhinishaji wote watatu.

Nilicheka peke yangu jikoni mpaka Bi Harusi akaitika.

Zamani mtu akisafiri alimwachia mkewe ufunguo. Sanduku lilikuwa na funguo, halikuwa na hela. Simu ina hela, ufunguo uko Shira.

Kinachoniuma zaidi si hicho. Hata akiiwasha, kwa nini anisaidie?

Jumatano, 11 Juni

Ofisi ya kampuni yake iko Rau. Meneja akasema redio ni ya dharura za wagonjwa tu, akikubali ombi langu, kesho ataletewa la harusi. Nimemwelewa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo. Lakini aliniona nilivyokaa, akasema kesho wapagazi wanapandisha nyama na mboga hadi kambi ya Karanga, kundi la Aminieli litalala hapo. Barua haina uzito.

Nimerudi kuandika barua. Nimechana karatasi tatu za daftari hili. Ya kwanza ilikuwa na maelezo mengi. Ya pili ilikuwa na amri, ualimu hauishi. Ya tatu nainakili hapa ili nisije nikasema baadaye niliandika vizuri zaidi:

"Aminieli. Ni mwalimu wako. Nilikukosea mbele ya watu na nitaomba radhi mbele ya watu. Ombi langu la mkopo linasubiri namba yako. Mwisho ni Jumamosi saa sita mchana, la sivyo kihamba kinakwenda, na Baba Eli amelala hapo. Ukipata mtandao popote, nakuomba. Pokea isale."

Nilishuka mpakani, penye mimea ya isale aliyopanda baba mkwe, nikakata jani moja refu, nikalifunga fundo. Bibi yangu alisema aliyepelekewa isale hawezi kukataa, hata aliyemwaga damu alisamehewa kwa jani hilo. Mchungaji wetu wa zamani alituambia ni mambo ya giza. Nyumba yake ilizungukwa na isale pande zote nne.

Sijawahi kumpelekea mtu isale. Nimeletewa mara mbili. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na magoti yangu yamezeeka.

Alhamisi, 12 Juni

Barua imekwenda. Imebebwa na Ndeshi, mama wa makamo, mmoja wa wapagazi, juu ya gunia la kabichi. Alilitazama lile jani, akalishika kwa mikono miwili. Hakuuliza. Kwao pia wanajua.

Ukungu siku nzima. Mlima haupo.

Wanachama wamechanga walichokuwa nacho mifukoni. Haijafika hata robo. Nimewarudishia.

Nilimwomba Neema aniwekee zile programu za mikopo ya haraka kwenye simu. Amekataa katakata. Rafiki yake alichelewa siku mbili kulipa, wakatuma ujumbe kwa kila jina lililo kwenye simu yake kwamba ni tapeli. Hadi kwa mkwe. "Mwalimu, utakuwa unatoka kwa chui unaingia kwa fisi." Nimemkasirikia. Yuko sahihi.

Eli yupo hapa tangu jana. Anakata majani, anafagia zizi, anachota maji. Analala stoo. Sijamsemesha.

Ijumaa, 13 Juni

Ndeshi kapiga simu saa tisa alasiri akiwa ameshuka getini Mweka. Barua kaifikisha mkononi. Aminieli alikuwa anakunywa chai. Alisoma, akaikunja, akatia barua na jani ndani ya koti.

Alisema nini?

Alisema chai imepoa.

Nimeuliza mara tatu. Hakuna kingine. Chai imepoa. Na Karanga mtandao haukuwepo, ukungu.

Nimekwenda makaburini kupalilia. Nimemwambia Baba Eli yote. Sikulia. Nilimkasirikia hata yeye, kwa kufa mapema akaniachia mtoto na begi.

Jioni nimemwambia Eli ale ndani. Ametokwa na machozi kwenye mtori. Nimempakulia tena.

Jumamosi, 14 Juni

Siku ndefu. Naandika nimekaa kitandani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto.

Niliamka saa kumi na moja. Nikatoka na ndoo. Mlima upo wote, mweupe juu, hakuna hata wingu. Nilikuwa sijauona tangu Jumatano. Nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kukamua huku nimeugeukia. Simu niliitia kwenye mfuko wa aproni. Nilijiambia sitaitazama mpaka ndoo ijae nusu. Huko juu kuna mtu ambaye siwezi kumwona, na yeye hawezi kuniona, na kila kitu changu kiko kwenye vidole vyake.

Kumi na mbili na nusu, kimya. Na dakika thelathini na tano, kimya.

Na dakika arobaini na mbili simu ikatetemeka. Ng'ombe akashtuka, ndoo ikaenda upande. Mikono imejaa maziwa, simu inateleza. Idhini tatu kati ya tatu. Kabla sijamaliza kusoma ukaja mwingine. Umepokea.

Nilikumbatia shingo ya Bi Harusi nikalia kwa sauti. Eli alitoka stoo anakimbia, akidhani nimepigwa teke. Nikampa simu asome. Akakaa chini, kwenye maziwa.

Halafu ukaja mwingine, wa mtu sasa, si wa mtambo: "Shikamoo mwalimu. Imekubali? Nimekosea mara mbili, vidole vimeganda."

Nikajibu: "Marahaba mwanangu. Imekubali. Aika, asante sana."

Saa nne kasoro tulikuwa Njoro, mimi na Eli na Neema kama shahidi. Yule mama alikuwa saluni kwake, kichwa kina povu. Akashangaa, hakuficha. Nikamwambia sitamsubiri akauke. Akahesabu riba upya, ikatoka ile ile. Nikamtumia kwenye simu mbele yake. Akasoma ujumbe, akasema kwa ile sauti yake ya kwaya, "Mama yangu, umesahau ya kutolea." Nikaongeza ya kutolea. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningemwongezea na ya nauli.

Hati iko hapa. Ina alama ya chini ya kikombe kwenye pembe. Karatasi aliyosaini Eli tumeichana vipande mbele ya wateja wa saluni, na kanipa risiti. Neema kaipiga picha risiti.

Saa sita kamili nilikuwa nimeshafika nyumbani. Nilisimama sehemu ya chini nikasikia kengele ya kanisa. Hakuna kilichotokea. Ndizi zimesimama, kunguru wanapiga kelele. Sijawahi kuona saa sita nzuri kama hii.

Leo asubuhi lita mbili tu. Nyingine zimemwagika. Si neno.

Jumapili, 15 Juni

Nimelala mpaka saa moja. Sijafanya hivyo tangu nistaafu. Ng'ombe alikamuliwa na Eli.

Jumanne, 17 Juni

Aminieli amekuja. Uso umebabuka kwa jua, midomo imepasuka. Aliniamkia akiwa bado getini, kwa sauti ya mtu anayetaka majirani wasikie. Nilipika kiburu, ndizi na maharage. Alikula sahani mbili.

Kanieleza. Walifika kileleni jua linatoka. Aliwasha simu, mtandao ukaja, akavua glovu. Kidole hakisikii. Akabonyeza namba ya siri, ikakataa. Akabonyeza tena, ikakataa. Akajua ya tatu ikikataa inafungwa, na kufunguliwa mpaka aende kwa wakala na kitambulisho. Kwa hiyo akatia mkono kwapani, ndani kabisa, akafumba macho, akahesabu hadi mia mbili. Mgeni mmoja akadhani anasali, akavua kofia. Halafu akabonyeza tarakimu moja moja.

Mia mbili. Nilimtazama akila, nikajisikia mdogo.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Ndeshi neno lolote, nikaungua siku nzima. Kaona aibu. Alisema alikuwa anairudia barua kutafuta kosa alilofanya, maana mwandiko wangu kwenye karatasi bado unamtisha. Mpaka alipoliona jani la isale ndipo akaelewa kwamba mwenye kosa ni mimi.

Tumecheka mpaka nimekohoa.

Jumapili, 22 Juni

Nimesimama kikaoni kabla ya ajenda. Nimesema nilimdhalilisha Aminieli hapa hapa, na hapa hapa naomba radhi. Nimesema pia kwamba hesabu za kugawanya sikumfundisha vizuri, nilikuwa na watoto sabini na fimbo moja. Hiyo ni kweli, na sijawahi kuisema kwa mtu. Aminieli akainuka akanishika mkono. Watu wakapiga makofi. Nilitaka ardhi inimeze, lakini kwa raha.

Waidhinishaji sasa ni watano, na wowote watatu wanatosha. Kubadilisha kulihitaji wote watatu wa zamani, na kwa kuwa leo Aminieli alikuwepo chini, tumefanya haraka kabla hajapanda. Kura hii nimeiunga mkono. Neema akaniangalia, nikamwambia aandike.

Deni ni langu. Hilo linabaki, na nalala nalo vizuri kuliko nilivyolala na hofu. Eli atalilipa nami. Aminieli anamchukua kesho kama mpagazi. Malipo yao yanaingia kwenye simu, na Eli mwenyewe ameweka nusu ikatwe moja kwa moja kwenda kikundi kabla hajaiona. Hakuombwa. Mgongo wake umezoea kuinamia kuku, utanyooka.

Jumatatu, 23 Juni

Wameondoka alfajiri. Eli kavaa koti la baba yake. Limemkaa.

Jana jioni nilivuta sanduku uvunguni, nikalipangusa. Hati nimeiweka humo, chini kabisa, juu yake Biblia ya marehemu. Nimefunga kufuli zote tatu. Ufunguo mmoja wangu. Mmoja nimempa Neema. Wa tatu nimempa Aminieli leo njia panda. Aliuliza kama auache kwa Mama Glori, safari ni siku saba.

Nimemwambia aende nao.

Ukungu kidogo asubuhi, sasa umeondoka. Lita saba.